Vidonge Kausha Mate

Kazi ya mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana haihitaji shahada. Inahitaji daftari, kufuli na mate. Noti za elfu mbili zilizokwishapita kwa wauza samaki na makondakta zina tabia ya kung'ang'aniana, na hakuna namna ya kuziachanisha mbele ya wanachama wenye macho makali isipokuwa kulamba kidole. Jumapili moja nikalamba kidole, kikatoka kikavu vilevile. Nikalamba tena. Wapi! Ulimi wenyewe ulikuwa umegandia kwenye kaakaa, nikiuondoa unatoa mlio. Mama mmoja wa safu ya mbele, ambaye marehemu mumewe tulimzika kwa mfuko huohuo, akauliza kwa sauti ya kutaka wote wasikie, "Mweka hazina, mbona leo unahesabu polepole? Zimepungua?"

Hazikupungua. Kilichopungua ni mate, na mimi ninayemlaumu ninaye.

Tuanze na tumbo. Lilinishika baada ya pilau la arusi, lile tumbo la kusokota, linakuja linaachia, linakuja tena na hasira zaidi. Nikajikokota hadi duka la dawa la mtaani. Binti wa dukani hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Linafanyaje, baba?"

"Linasokota."

"Linauma moja kwa moja au linakuja linaachia?"

"Linakuja linaachia."

Nimpe haki yake, swali lilikuwa la kitaalamu kabisa, na dawa aliyoitoa ndiyo yenyewe: hayosini, miligramu 10, inayolegeza misuli ya utumbo iliyojikunja. Ugomvi wangu uko kwenye mkasi. Alichukua karatasi ya vidonge akaikata katikati ya jina. Mteja aliyenitangulia alikuwa ameondoka na mwanzo wa jina, mimi nikapewa mwisho, na tarehe ya kuisha muda wake ikabaki kwenye kipande cha tatu, dukani. Akavitumbukiza kwenye kibahasha, juu akaandika 2x3. Hapo ndipo masomo yalipoishia. Kikaratasi cha maelezo hubaki kwenye boksi, na boksi hubaki rafuni likipamba duka.

Tumbo likatulia, sikatai. Yakaja mafua. Kwa mafua sikuhitaji hata kutoka nyumbani, maana kile kidonge kidogo cha njano, klofeniramini, kinaishi kwenye kabati la vyombo katika nyumba nyingi za mji huu. Mafua, kidonge cha njano. Mwasho, kidonge cha njano. Safari ya Mwanza kwa basi, kidonge cha njano. Wapo hata wanaompa mtoto anayelia usiku ili wazazi walale, na hao ningewaandikia safu yao peke yao kama mhariri angeniruhusu kutumia maneno niliyonayo.

Mgongo nao una daktari wake. Huyo alinipa amitriptilini ya kunywa usiku. Ni dawa iliyoingia sokoni mwaka 1961 kwa watu wenye sonona, baadaye ikaonekana kwamba kwa dozi ndogo inatuliza maumivu ya neva, yale yanayoanzia kiunoni yakateremka mguuni yakiwaka moto. Daktari aliniuliza kama navuta sigara. Aliniuliza kama nanyanyua vitu vizito. Kama kuna kitu kingine ninachokunywa, hakuniuliza. Binti wa duka hakuniuliza. Kabati la vyombo ndilo kabisa.

Basi nikarudi dukani kudai kikaratasi changu cha maelezo. Binti alishangaa mtu kukitaka, lakini alinipa. Kikunjue, kikunjue tena, bado kinakunjuka, hadi kinafunika meza. Kimeandikwa Kiingereza, Kifaransa, na lugha nyingine yenye nukta nyingi juu ya herufi. Kiswahili hakuna. Lakini hata Kiingereza sikukiona. Nilikiweka karibu, nikakipeleka mbali, mkono ukaisha, herufi bado zinaogelea. Nikamwita kijana wangu wa kidato cha tatu anisomee na kunitafsiria, akasimama wima akiwa na sauti ya kusoma risala.

"Mdomo mkavu. Choo kigumu. Moyo kwenda mbio. Kutoona vizuri vitu vya karibu."

Yaani onyo kwamba sitaweza kusoma limeandikwa mahali ambapo lazima nisome.

"Baba, kuna hii nyingine inahusu mkojo."

"Isome kimyakimya."

Mama watoto alikuwa jikoni. Kelele za sufuria zilinyamaza ghafla, kwa hiyo hata hiyo ya mkojo aliisikia.

Sikuhitaji kikaratasi kuniambia kuhusu mate. Nje ya shule ya msingi ya mtaa wetu anakaa mama anayeuza embe bichi, anazichana vipande, anazinyunyizia chumvi na pilipili ya unga. Mtu mzima mwenye afya akipita pale, taya zinamuuma kabla hajaonja. Nilisimama mbele ya beseni lake nikijipima. Nikaangalia kipande chenye pilipili nyingi kuliko vyote. Nikakinunua, nikakitafuna. Kilizunguka mdomoni, kikakwaruza, hakikuteremka mpaka nilipoomba maji. Muuzaji akawaambia watoto wa shule wanipishe, mzee anaumwa.

Jasho nalo likagoma. Mwezi Februari, Dar es Salaam, saa nane mchana, mimi natembea na shati kavu. Majirani walidhani ni neema. "Mwenzetu umefunga kiyoyozi?" Neema gani! Mtu asiyetoka jasho hajapoa, amefungiwa joto ndani. Nilirudi nyumbani uso umeiva, masikio yanawaka, moyo unapiga kifuani nikiwa nimeketi. Sasa mchukue mbeba zege au mvuta mkokoteni, mpe vidonge hivihivi kwa ajili ya mafua yake, kisha mrudishe juani. Huyo anaweza kuanguka, na wapita njia watasema hakunywa chai.

Kuhusu choo nitakuwa mfupi, kwa sababu safu hii inasomwa mezani. Dawa niliyoinywa kwa ajili ya tumbo, pamoja na wenzake, ililituliza tumbo mpaka likasahau kazi. Nikarudi dukani. Binti, bila kuinua macho, "Baba, choo kigumu? Ipo dawa nzuri." Akachukua mkasi.

Aliyenifungua macho, kwa maana ya mfano kwa sababu yale mengine bado yalikuwa na ukungu, ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye ni nesi. Alikuja kutusalimia, akaniona ninavyoongea ulimi ukinata, akaomba kuona dawa. Zote, akasisitiza, na zile za kabatini pia. Akazipanga kwenye stuli, vipande vyangu vya majina nusunusu, akacheka.

"Shemeji, hizi zote ni ndugu."

"Ndugu vipi? Moja ya tumbo, moja ya pua, moja ya mgongo."

"Wanafanya kazi ofisi tofauti, ukoo mmoja."

Mwilini, akasema, kuna kitu ambacho neva hukitumia kutuma amri. Kinaitwa asetilikolini. Tezi za mate zinakisubiri ili zitoe mate, za jasho ili zitoe jasho, utumbo ili ujikunje, kibofu ili kikamue, jicho ili lisome maandishi ya karibu, na moyo unakipokea kama breki. Dawa hizi zinakwenda kukalia kiti chake. Amri inafika, inakuta kiti kina mtu. Nikamwelewa mara moja, maana ndivyo wanavyofanya watu wa maji mtaani kwetu: bomba linavuja kwa mtu mmoja, wanafunga koki kuu, na mtaa mzima unashika ndoo.

Kijana wangu, ambaye siku hizi ana jibu la kila kitu kwenye simu, akaongeza kwamba aliyethibitisha habari hii ni Otto Loewi, profesa wa Graz, Austria. Usiku mmoja aliota namna ya kufanya jaribio, akaamka, akaliandika kwenye karatasi, akalala. Asubuhi mwandiko haukusomeka hata kwake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikamrudia, na safari hii hakuigusa kalamu, alikwenda maabara usiku uleule. Akachukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa wa neva wa moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka, akayaweka kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo bila kuguswa na neva yoyote. Matokeo akayachapisha mwaka 1921, na mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nilichokichukua katika habari hiyo ni kwamba mwandiko wa watu wa tiba ulikuwa tatizo tangu zamani.

"Basi hii ya tumbo ndiyo iliyonimaliza," nikasema, nikiinyooshea kidole.

"Hiyo unaionea, shemeji. Hiyo ndiyo mpole wao." Vidonge vya hayosini ya tumbo, kwa maelezo yake, haviingii sana kwenye damu, kazi yao kubwa vinaifanyia palepale utumboni, na ubongoni havipiti kirahisi. Wakorofi ni hao wawili niliokuwa nimewasahau: kidonge cha njano na cha mgongo. Hao wanaingia kwenye damu, wanapanda kichwani, na wakikutana wanajumlishana. "Cha njano kiache leo. Cha mgongo usikiache ghafla wala usijipunguzie, rudi kwa aliyekuandikia ukamwambie unakunywa nini na nini."

Sasa ile ya mkojo, ambayo nilimwambia kijana aisome kimyakimya. Pale kijiweni tunapochezea bao tuna mzee mmoja ambaye tezi dume imeanza kumsumbua, jambo ambalo hatakiri hata ukimfunga kamba. Alipata mafua, akanywa dawa ya mafua. Jioni haja ndogo ikakataa. Akanywa maji mengi ili ije, na hilo likawa kosa juu ya balaa. Saa saba usiku wanawe walimpakia kwenye bajaji akiwa amejikunja, kila shimo la barabara analitaja kwa jina la mkandarasi, na hospitali wakamwekea mpira. Akarudi kijiweni akatuambia ilikuwa malaria. Tukampa pole ya malaria. Kisha mmoja mmoja, wazee wenye ndevu nyeupe, wakawa wanamvuta pembeni kumuuliza hiyo dawa ya mafua ilikuwa ya rangi gani.

Ukiwaza, ni hesabu rahisi. Tezi imekwishabana njia. Kibofu kinashinda kwa kukamua kwa nguvu. Dawa inakuja inakilegeza kibofu, na nyingi za mafua zina pia kiungo cha kuzibua pua ambacho kinakaza shingo ya kibofu hichohicho. Lakini nani atamuuliza mzee wa watu, mbele ya foleni, "Babu, mkojo unatoka vizuri?" Dukani haulizwi. Na mwenye ile presha ya macho ya mlango mwembamba naye haulizwi, mpaka jicho linakuwa jekundu, linauma na kichwa, na taa anaziona zina duara la upinde wa mvua. Huyo asisubiri kuche, aende hospitali.

Ningeishia kwenye manung'uniko yangu ya mate kama si habari ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu amekwishapita themanini na anakaa kwetu. Ni mtu wa heshima zake. Mimi na yeye tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua, tunaishia hapo, kama inavyopasa. Alikuwa na mwasho, kwa hiyo kila usiku kidonge cha njano. Ndugu mmoja aliyekuja kumwona akamhurumia kwa kukosa usingizi, akamwachia promethazini. Hakuna aliyeona tatizo. Analala, hajikuni, mnataka nini tena?

Asubuhi moja tulimkuta ameketi mkekani na ungo mtupu mapajani. Anachambua mchele. Vidole vinakwenda, anaokota, anatupa pembeni, anapuliza pumba, anawagombeza fukusi. Mchele haupo. Mama watoto alimuuliza anafanya nini, akajibu wageni wanakuja kutoka Kilwa na nyumba hii ina watu wavivu. Mchana akawa anachuma kitu kwenye upindo wa kanga, nyuzi ambazo sisi hatukuziona. Usiku akazungumza na marehemu mumewe, mazungumzo ya kawaida tu, kuhusu deni la mbuzi.

Mtaa ukaleta majibu yake. Wa kwanza akasema uzee. Wa pili akasema ni kisirani cha nyumba tuliyohamia. Wa tatu, aliyekuja na chupa ya maji ya makombe, alikuwa anamfahamu mtaalamu Mbagala, na mtaalamu alikwishatajiwa na alikuwa ameomba nauli na kuku mweusi. Nilikuwa tayari nimeitoa nauli, kwa sababu mwanaume anayeonekana kubania nauli ya kumtibu mama mkwe wake hana maisha.

Shemeji nesi alifika kabla ya kuku. Hakuuliza habari za kisirani. Alimmulika mama yake machoni kwa tochi ya simu: mboni zimefunguka, na mwanga hazijali. Akamgusa paji la uso, la moto na kavu. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea, akapenyeza mkono kwapani mwa mama yake. Pakavu, katika joto lile. Akampapasa chini ya kitovu, mama akaguna: kibofu kimejaa. Shemeji akageuka, sura yake ya kazini, akauliza swali ambalo mtaa mzima ulikuwa haujauliza.

"Anakunywa dawa gani?"

Kopo la kahawa tunamowekea vidonge likashushwa kutoka kabatini, likamiminwa kitandani. Mama watoto akaanza kulia kwa sababu vyote alikuwa anampa yeye, kwa mkono wake, na maji ya uvuguvugu.

Wakampeleka hospitali, wakaondoa mkojo kwa mpira, wakazisimamisha zile dawa, wakamwangalia moyo. Siku zilizofuata akawa anarudi kidogokidogo. Wageni wa Kilwa wakapungua. Siku aliponiangalia vizuri na kuuliza nani ametumia sabuni yake, tulijua amefika.

Kinachonikera ni kwamba hii si siri. Mwaka 1991 daktari wa wazee wa Marekani, Mark Beers, na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo mzee akiweza kuepushwa nazo aepushwe. Orodha hiyo bado inahuishwa, na klofeniramini, promethazini na amitriptilini zote zimo. Zimo pia kwenye kopo la kahawa. Katikati ya hiyo orodha na hilo kopo kuna ofisi, vyuo, na watu wengi wenye vyeti ukutani, na bado aliyeuliza swali ni mtoto wake aliyekuja kusalimia.

Sisemi dawa hizi zitupwe. Shemeji amenikataza hata kulisema hilo kwa utani. Mkulima aliyevuta dawa ya kupulizia mazao akaja hospitali anatoka povu na kifua kimejaa maji, anayemwokoa ni atropini, mkubwa wa ukoo huuhuu, na hapo ule ukavu ninaoulalamikia ndio madaktari wanaoutafuta kifuani mwake. Mgonjwa aliye mwishoni anayekoroma makohozi hutulizwa na hayosini hiyohiyo. Na tumbo langu lilipona, nilishasema.

Mate yamerudi. Daktari wa mgongo alinibadilishia dawa, na nilimpelekea vidonge vyote kwenye mfuko, akaviangalia kwa uso wa mtu aliyeletewa nyoka. Noti zinahesabika. Aliyebadilika moja kwa moja ni mama mkwe. Tangu alipotoka hospitali amejipa cheo cha ukaguzi. Mgeni akiingia anaombwa aonyeshe dawa anazotembea nazo. Mkasi wa nyumba ameuficha. Amemtuma kijana wangu kwa yule binti wa duka na ujumbe ambao kijana, kwa malezi mema, alikataa kuufikisha wote. Mzee wa bao alipopita kumpa pole alihojiwa barazani mpaka akaitubia ile malaria.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na wageni, wajomba wa mama watoto, wazee watupu, sinia la wali katikati, kimya cha watu wanaokula. Mama mkwe akanitazama kutoka upande wa pili, akaweka tonge chini.

"Baba, choo siku hizi unapata?"

Wajomba wakaacha kutafuna. Nikatafuta jibu lenye adabu, nikapata moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuuliza salamu."